Debe Moja la Udongo

Siku walipomzika Ishmael Mutembei pale Kiirua, Meru, udongo haukurudi wote kaburini. Mjane wake, Karambu, alimnyang'anya shemeji yake Nthiga sepetu katikati ya wimbo, akajaza udongo debe moja tupu la mafuta ya kupikia, akaliweka kando. Watu wa kanisa walitazamana. Mchungaji akakohoa. Karambu hakujali, mwanamke anayewapikia wanaume mia na ishirini kila siku hatishwi na kikohozi cha mtu mmoja.

"Hii ni ya Kaberia," alisema. "Akikuja, atamtupia baba yake na mkono yake."

Kaberia alikuwa mwanawe wa pekee, na siku hiyo alikuwa Uchina, mji wa Jinan, akisomea mambo ya maji kwa ufadhili. Tiketi ya ndege si kitu cha kuchangisha kwa siku nne. Walichoweza kufanya ni kuiweka simu juu ya jeneza ili naye asikie nyimbo. Alisikia mbili, halafu mtandao ukakatika kabla ya sala ya mwisho, na walipompata tena kaburi lilikuwa limeshafukiwa na watu walikuwa wanakula. Kwa hiyo lile debe likawekwa upande wa kichwa cha kaburi, likafunikwa kipande cha bati, juu ya bati jiwe, likangoja.

Karambu alirudi kazini Jumatatu. Kazi yenyewe ilikuwa juu ya Timau, mahali ambapo baridi huingia hata ndani ya chumvi. Kampuni moja ya Wachina ilikuwa inajenga bwawa na kutandaza mabomba ya maji kushuka hadi kwenye mashamba. Alianza kwa kuwapikia vibarua wenyeji. Kisha mpishi wa Kichina akashindwa na baridi, akaenda zake, na Karambu akarithi jiko la pili pamoja na sufuria zake zenye matako ya mviringo. Akajifunza tambi zao. Akawafunza waru, viazi vyetu. Hakuna aliyekufa.

Kwenye ukuta wa chumba cha kulia palikuwa na picha kubwa ya mzee mwenye ndevu hadi kifuani, mikono ameikutanisha mbele kwa adabu, na maandishi marefu pembeni. Kwa miezi Karambu aliipangusa vumbi kwa heshima, akijua ni nabii wao. Siku moja akamuuliza Injinia Du, aliyekuwa anakula peke yake kama kawaida yake.

"Huyu mzee ni nabii yenu?"

"Hapana nabii, Mama. Mwalimu. Kongzi. Zamani, zamani sana."

"Na hapo anasema nini?"

Du aliweka vijiti chini, akatafuta maneno. Kiswahili chake alikiokota kwa vibarua, kipande kwa kipande. "Anasema heshimu baba, heshimu mama. Wakiwa hai. Na wakikufa, bado."

"Hiyo hata Musa alisema," Karambu akajibu, akamwongezea kabichi.

Du alikuwa mtu wa miaka hamsini, mwembamba, mpimaji wa ardhi, mtoto wa pekee kama Kaberia. Kwao ni kijiji kimoja cha Shandong, mkoa uleule alikozaliwa huyo mwalimu wa ukutani. Katika miaka sita alikuwa amekwenda nyumbani mara mbili. Karambu alipomtania kwamba yeye ni mwanafunzi mbaya wa mzee wake, Du hakucheka. Alimsimulia jambo ambalo huenda hakuwahi kumsimulia mtu mwingine. Wakati mwingine mtu hufungua moyo kwa mgeni kwa sababu mgeni hawezi kuupeleka kijijini.

"Baba yangu akiwa kijana, walisema maneno ya huyu mzee ni takataka. Vijana walibeba nyundo, wakaenda kwa makaburi. Wakavunja mawe yenye majina. Baba yangu alivunja jiwe ya baba yake."

"Baba yake mwenyewe?"

"Mwenyewe. Akizeeka akawa analia kila siku ya kusafisha makaburi, kwa sababu hajui kaburi iko wapi." Du alielekeza kidole kwenye picha. "Sasa mzee amerudi. Ako kwa televisheni. Ako kwa kitabu ya shule ya mtoto wangu. Iko hata sheria: mtoto lazima aende kuona mzazi."

"Na wewe unaenda?"

Du akainamia bakuli lake, akala.

Hata hivyo Jumapili hakuikosa. Kila Jumapili, Karambu akirudi kutoka ibada ya asubuhi kuja kuandaa cha mchana, Du aliegemeza simu kwenye mkebe wa majani ya chai akazungumza na mama yake, kikongwe wa miaka themanini na mmoja, meno matatu, mashavu kama tufaha lililokaa sana. Bibi huyo alimwona Karambu akipita nyuma na mwiko, akauliza ni nani. Tangu siku hiyo mazungumzo hayakuwa ya Du tena. Wanawake wawili wasiojua neno moja la lugha ya mwenzake walionyeshana mboga. Mmoja aliinua figili ndefu kama mkono, mwingine akaleta kabichi la Timau ambalo halikuenea kwenye kioo. Walicheka hadi Du akawa anatazama saa.

Ilipojulikana kwamba Jinan na kijiji kile ni safari ya saa mbili tu kwa treni, Kaberia akatumwa kumpelekea bibi majani ya chai ya Meru. Alikwenda mara moja kwa kutumwa, na mara nyingi baadaye kwa kupenda. Bibi alimlazimisha kula, akamshonea fulana ya pamba, akamkaripia kwa kutovaa soksi. Karambu alipokea picha zile kwa moyo mkunjufu. Alijiambia kwamba Mungu ni fundi: yule anamlishia mwanawe kule, na yeye anamlishia wake huku. Hisani haiozi, alisema. Kaberia alikuwa amebakisha mwaka mmoja. Julai angerudi, na debe lingefunguliwa.

Mwezi wa tano, siku ya Jumanne, Du aliingia jikoni kabla ya chai. Hakuvaa kofia. Alisimama karibu na gunia la mchele kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua.

"Mama amekufa," alisema.

Karambu aliacha mwiko ukazama ndani ya uji. Alimshika mikono yote miwili, na kwanza alilia yeye, maana Jumapili ya juzi tu bibi alikuwa amemwonyesha vitunguu. Kisha akajifuta kwa aproni akawa mpishi tena.

"Haya, utapanda gari saa ngapi?"

Du akatikisa kichwa. Maziko yalikuwa siku ya tatu. Angeondoka jioni hiyohiyo angefika, amechelewa kidogo, lakini angefika. Mkuu wa kampi alikuwa ameshamwita. Bwawa lilikuwa linakabidhiwa baada ya siku tisa, wageni wakubwa wanakuja, vipimo vyote viko kichwani mwa Du; anayeondoka sasa, alisema, asitegemee kukuta nafasi yake. Alimpa pole, akamshika bega. Maneno hayo yote aliyasema chumba cha kulia, amekaa chini ya picha ya mzee mwenye ndevu.

"Enda!" Karambu alifoka. "Bwawa haina mama! Maji itakufa ukienda?"

"Nina miaka hamsini, Mama. Nikitoka hapa hakuna mtu atanipa kazi. Mtoto wangu ako shule." Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma orodha iliyoandikwa na mwingine. "Wengi wanafanya hivi. Kuna watu unawaita kwa simu, wanakuja kulia badala yako. Wanapiga magoti, wanalia vizuri sana. Kuliko mtoto."

Fimbo ya mbali haiui nyoka, hilo alilijua. Lakini machozi ya kuagiza hakuwahi kuyasikia.

Du akamweleza lililomsumbua zaidi. Kijijini kwao kuna chungu kidogo cha udongo kinachochomewa karatasi mbele ya marehemu. Jeneza likiinuliwa, mwana hukiinua chungu kile juu ya kichwa na kukipiga chini kivunjike, na marehemu husikia kwamba ana mwana, akaondoka kwa amani. Mtu wa kukodi hawezi kukivunja. Asipokuwepo mwana, huvunja mtoto wa ndugu, na binamu yake alikuwa ameshafika na nguo nyeupe za matanga, macho yake kwenye nyumba, kwa kuwa mvunja chungu ndiye mwenye nyumba. Ndipo Du akasema alilokuja kusema.

"Kaberia ashike nafasi yangu. Mama alimpenda. Yeye ni mgeni, haitahesabiwa. Nyumba haitaenda kwa binamu, na chungu itavunjwa na mkono inampenda."

Karambu hakuuliza zaidi. Hapo ndipo kosa lake lilipo, na baadaye alijichapa nalo kila siku. Mama yeyote wa Kiirua angeuliza mambo kumi kabla ya kumwazima jirani sufuria. Yeye alimwazima mwana bila kuuliza hata moja. Aliona tu kikongwe mwenye meno matatu akibebwa nje bila mtu. Aliona pia jeneza lenye simu juu yake.

Kaberia alimpigia mchana huo. "Mama, nitapiga magoti mbele ya picha ya maiti. Si ni dhambi? Mchungaji atasema nini?"

"Cucu, nyanya yako, alipokuwa anakubariki ulipiga magoti, na hukuungua. Huyu amekushonea fulana. Enda, mwana wakwa."

Siku ya maziko waliangalia kwenye simu ya Du, jikoni, saa moja asubuhi kwa saa zetu, vibarua wakinywa chai nje. Simu iliegemezwa kwenye mkebe uleule. Kaberia alitokea amevaa nguo nyeupe za pamba ghafi na kitambaa kichwani, mrefu kuliko waombolezaji wote. Tarumbeta zililia. Binamu alisimama pembeni, amenuna. Mzee mmoja alimpa Kaberia chungu. Akakiinua juu ya kichwa, akakipiga chini.

Kikapasuka vipande vipande. Kaberia akaanguka kifudifudi juu yake akapiga ukelele uliofanya watu wote wa kijiji kile wanyamaze.

"Baaba! Baaba!"

Kule walishangaa, mbona baba wakati aliyekufa ni mama. Du, magotini juu ya saruji ya jikoni, paji la uso limegusa sakafu, alikuwa na mama yake tu. Karambu peke yake ndiye aliyejua kwamba mwanawe hakuwa anamlilia bibi wa figili. Alikuwa anamlilia Ishmael, kwa Kimeru, miaka miwili baadaye, nchi isiyo yake. Alitamani kuingia ndani ya kile kioo amshike. Uji ukaungua siku hiyo, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Bwawa lilikabidhiwa kwa wakati. Wageni wakubwa walikula mbuzi, wakapiga picha. Du alisimama mstari wa nyuma.

Julai ikaja, Kaberia hakuja. Alisema anangoja cheti. Agosti akasema amepata kazi ndogo kiwanda cha mabomba karibu na kijiji kile. Septemba Karambu alimtaka aseme ukweli, na akasema.

"Mama, wazee wa hapa walinipeleka kaburini siku ya saba. Halafu siku ya saba ingine, na ingine, mpaka saba zikawa saba. Hapa aliyevunja chungu ndiye mwana. Mwana anaangalia kaburi miaka tatu. Wameniandika kwa kitabu ya ukoo."

"Wewe ni wa ukoo ya Mutembei!" Karambu alipaza sauti hadi kuku wakatawanyika. "Waambie una kwenu! Waambie ulikuwa unashikia mtu nafasi!"

"Niliwaambia. Waliniuliza, huyo mwenye nafasi ako wapi?"

Kaberia akaendelea, taratibu, kama anayetembea gizani akipapasa ukuta.

"Baba nilimzika kwa simu, Mama. Ikakatika. Hapa nilishika udongo na mkono, nikalia mpaka nikamaliza. Siwezi kuacha hii katikati pia."

"Na debe ya baba yako?"

"Hiyo debe ndiyo naogopa," Kaberia alisema. "Nikiitupa, baba amekufa kabisa."

Karambu alikaa nje hadi umande ukaanza kushuka. Alimkasirikia mwanawe, akamkasirikia Du, akamkasirikia yule mzee wa ukutani mwenye adabu nyingi. Zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, maana mkono uliomsukuma Kaberia kwenye kile chungu ulikuwa wake. Tena hakuweza kusema kwamba mwanawe amekosea. Alimlea awe mtu wa kumaliza alichoanza, na sasa anamaliza, mbali naye. Majuto ni mjukuu, na wake alikuwa ameshafika na kuketi.

Oktoba, kampi ilipokuwa inavunjwa na mabati kupakiwa kwenye malori, Du alikuja Kiirua kuaga. Alikuja kwa miguu kutoka barabara kuu, na begi dogo na ile picha ya ukutani imekunjwa kwapani. Hakuna mwingine aliyeitaka. Alikuwa amekonda zaidi. Karambu alimkaribisha chai, kwa sababu hasira ni hasira na mgeni ni mgeni.

"Narudi, Mama. Nilipigia binamu simu, nikasema nakuja kwa kaburi. Alicheka. Alisema, mwana wa hiyo nyumba yuko, anakuja kila Jumapili na maua. Wewe ni nani?" Du aligeuza kikombe mkononi. "Ni kweli. Nimetuma mtu akae kwa kiti yangu, na kiti imemzoea. Mimi nimekuchukulia mtoto."

"Sikusikia ukininyang'anya," Karambu alisema. "Nilikupa."

Du alitazama kaburi pale upande wa migomba, na lile debe lenye jiwe juu. Alijua habari zake. Karambu alimsimulia zamani, siku za kabichi na kucheka. Aliinuka, akavua koti, akaenda akapiga magoti mbele ya kaburi la Ishmael, mtu ambaye hakumwona hata mara moja. Akagusa ardhi kwa paji la uso mara tatu. Kisha akashika lile jiwe.

"Kaberia alinishikia kwa mama yangu," alisema bila kugeuka. "Mimi nimshikie kwa baba yake. Halafu tumelipana."

Alisema kwa unyenyekevu mkubwa, na Karambu aliona kwamba ndilo jambo la pekee lililobaki la kumpa mtu huyu usingizi. Ingekuwa rahisi. Udongo ungeshuka, kaburi lingekamilika, majirani wangeacha kuuliza. Kwa kitambo kidogo hata alitamani.

"Acha," alisema.

Du akaacha mkono juu ya jiwe.

"Acha, mwanangu. Mambo ya kushikiana imetosha. Hii inangoja mwenyewe."

Alimwinua kwa kumshika kiwiko, akampangusa udongo kwenye paji la uso kwa ncha ya leso yake, kama angempangusa mtoto yeyote. Du alianza kulia, bila sauti, mdomo wazi. Hakulia hivyo siku ya chungu. Karambu alimshikilia hadi akamaliza, na naye akalia, kila mmoja kwa wake.

Alipokuwa anaondoka Karambu alimfungia chai na mahindi ya kuchoma. Alimsindikiza hadi kwenye lango la miti.

"Utaenda kwa ile kaburi hata kama wanakucheka," alimwambia. "Utamkuta Kaberia huko. Piga magoti nyuma yake kama hakuna nafasi mbele. Halafu umwambie maneno yangu. Mwambie mama yake hajakasirika. Mwambie saa hii debe ni moja, asije akakuta mawili, la baba yake na langu."

Du alirudia maneno yale kwa Kiswahili chake, moja moja, mpaka yakamkaa. Akainama. Akashika njia ya barabara kuu na picha yake kwapani.

Karambu alirudi jikoni kwake. Mafuta ya kupikia yaliyobaki kwenye debe la mwisho la kampi, alilopewa kama kiinua mgongo, yalikuwa kidogo. Aliyamimina kwenye chupa. Akachemsha maji, akalisugua lile debe kwa majivu ndani na nje hadi likang'aa, akalisuuza mara mbili. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mpishi tu, amezoea kuandaa vyombo mapema. Alilipeleka nje, akaliinamisha likauke kando ya lile la Ishmael.